Mzee Anapumzishwa Ijumaa

Fundi wa mitambo wa chuo kikuu, yule ambaye idara nzima ya kompyuta humwita Mzee, alirudi kazini Jumatano asubuhi akichechemea kidogo na kucheka sana. Alikuwa na haki ya kucheka. Mtu akidondoka kutoka juu ya ngazi na kebo mkononi, akatua kwa kiuno kwenye sakafu ya vigae, halafu daktari akamwambia kwamba hakuna kilichovunjika isipokuwa simu iliyokuwa mfukoni, mwacheni acheke mpaka mumchoke. Alikuwa amelala nyumbani wiki kadhaa, mkewe akimkanda kwa maji ya moto na kumgombeza kwa zamu, na kitu alichokikosa kuliko vyote, ingawa hakuthubutu kukisema mbele ya mkewe, kilikuwa ule mngurumo wa feni za chumba cha mitambo.

"Mzee! Karibu tena, pole sana, pole jamani, pole!" Huyo alikuwa Dada Pole, mpokea simu wa idara na mwandishi wa matangazo yake yote. Jina hilo alipewa kwa kuwa ndiye anayewapokea watu waliokwama, na kabla hujamaliza kumweleza kilichokusibu huwa ameshakumwagia pole za kukutosha mwaka mzima.

"Nimeshapoa, mwanangu. Nipe habari za hapa."

"Za hapa nzuri tu," akasema Dada Pole, kisha akainamia kompyuta yake ghafla, utadhani imemwita.

Hilo Mzee hakulitia maanani. La pili ndilo lililomkaa moyoni. Alipofika mlango wa chumba cha mafundi alimsikia fundi mwenzake akisema kwa sauti, "Mimi huyu Mzee amenichosha, hiyo Ijumaa haifiki tu?" Mwenzake huyo aliitwa Chapuchapu, na lilikuwa jina la kejeli tupu, maana hakuna aliyewahi kumwona akifanya jambo lolote chapuchapu. Mzee alipoingia, mazungumzo yalikatika kama umeme. Wote wakaanza kumwuliza habari za kiuno kwa mpigo, na Chapuchapu, kwa mara ya kwanza katika historia ya idara ile, akainuka haraka kumpisha kiti.

Basi Mzee akaenda zake chumba cha chai akiwa na kinyongo kidogo. Huko, kwenye mlango wa friji, ndipo Dada Pole hubandika matangazo, kwa kuwa anajua hakuna asiyefika kwenye friji. Palikuwa na karatasi mpya. Mzee akavaa miwani.

"Wapendwa wana-idara," karatasi ilisema, "Ijumaa mchana Mzee anapumzishwa. Ametutumikia kuliko yeyote humu ndani na tunamshukuru, lakini tuseme ukweli, tangu alipoanguka hajakaa sawa. Asubuhi ni mzito kuamka, akipewa kazi mbili kwa pamoja anaduwaa, na kelele zake mnazijua. Kazi zake zote wanahamishiwa vijana wapya. Kwa kuwa huduma zote zitakuwa zimezimwa muda huo, tutaitumia nafasi hiyo kwa Siku ya Shukrani kwa Wafanyakazi. Kutakuwa na keki, soda na cheti. Tafadhali msiseme nje mpaka tangazo rasmi litoke. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Mzee aliisoma, akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akasoma tena. Maneno hayakubadilika. Akakaa juu ya kreti la soda. Anapumzishwa! Mtu mzima na akili zake anajua maana ya kupumzishwa. Ni neno la wakubwa wanapotaka kukutoa mlangoni huku wamekushika bega. Na lile la "tangu alipoanguka" lilimchoma hasa. Alianguka akifanya kazi yao, juu ya ngazi yao, tena ngazi yenyewe aliomba ibadilishwe tangu enzi za mkuu aliyepita. Eti anaduwaa! Eti mzito kuamka! Nani aliyewaambia anaamka vipi, kama si mkewe? Na kelele gani? Yeye ana kelele gani?

"Hata kumfukuza mtu wanaomba radhi kwa usumbufu," akasema peke yake, na friji ikanguruma kumjibu.

Sasa, kama ingekuwa ni kazi tu, pengine angejikaza. Alikuwa na mikono, na mtaani kwake hapakosi redio mbovu. Lakini alikuwa na binti, mtoto wake wa mwisho, ambaye alikuwa mwaka wa mwisho pale pale chuoni, akisomea uhandisi. Watoto wa wafanyakazi husomeshwa pale kwa ada ndogo, na mzazi akishatoka kazini, nafuu hiyo inatoka naye. Bila nafuu hiyo binti hamalizi, hakuna cha kuzungukazunguka. Angebakiza muhula mmoja na kurudi nyumbani mikono mitupu, na sababu ingekuwa baba yake aliyeanguka kutoka kwenye ngazi.

Akapiga moyo konde, akaenda kubisha kwa mkuu wa idara. Mkuu alikuwa mama mmoja mchangamfu, mwenye kutembea haraka na kusahau miwani kichwani mwake mwenyewe. Alimpokea Mzee kwa mikono miwili.

"Mzee wangu! Afadhali umerudi. Nilikuwa na roho mkononi, nasema bila wewe hii Ijumaa tutaifanyaje?"

"Kumbe... na mimi niwepo?" Mzee aliuliza polepole.

"Uwepo? Wewe ndiye mhusika mkuu! Tufanye sisi wewe hupo, si itakuwa aibu?"

Mzee alikuwa amekusudia kuuliza moja kwa moja, kiume, lakini ulimi ulikataa. "Nilidhani jambo hili lingesubiri likizo ndefu."

"Lilikuwa la likizo. Lakini baada ya kule kuanguka tukaona, la, tusicheze na bahati. Ikitokea tena siku ya mitihani je? Mpango wenyewe ni wa zamani, bajeti tu ndiyo ilikuwa inatuchelewesha. Niambie ukweli, Mzee wangu, wewe mwenyewe hujachoka?"

"Nimechoka... kidogo."

"Umeona!" mkuu akapiga meza kwa furaha. "Ijumaa ikipita, tunapumua sote."

Mzee akaaga kwa adabu, akafunga mlango taratibu, akaenda kusimama chooni mpaka macho yakauke. Usimcheke. Mtu akiambiwa na bosi wake kwamba akiondoka wote watapumua, na anaambiwa kwa tabasamu la namna ile, unataka afanyeje? Hakuuliza tena mtu yeyote. Kama wameamua, basi asingewapa raha ya kumwona anabembeleza.

Jioni ile, wakiwa jikoni, alimweleza mkewe. Mkewe alikuwa mshonaji, mwanamke wa maneno mengi, na kwa hiyo aliponyamaza Mzee akaogopa zaidi.

"Wamekwambia kwa mdomo wao?" mkewe akauliza hatimaye.

"Wamebandika kwenye friji."

"Kwenye friji! Mume wangu unabandikwa kwenye friji!" Akasukuma sufuria pembeni. "Na mtoto?"

"Usimwambie mtoto. Nitatafuta njia."

"Sawa," alisema mkewe, na wewe na mimi tunajua "sawa" ya namna hiyo ina thamani gani. Kesho yake kabla ya saa nne binti alikuwa ameshajua, na mama mkubwa wake alikuwa ameshajua, na wateja wawili waliokuja kupima magauni walikuwa wameondoka wakitikisa vichwa.

Alhamisi Mzee alifanya kazi kama mtu anayeuandaa msiba wake mwenyewe. Akafuta vumbi la droo. Akakunja kebo zote zilizolala ovyo, akazifunga vizuri, kila moja na rangi yake. Akamfuata Chapuchapu, akamwonyesha kile kiyoyozi kinachohitaji kupigwa kiwiko upande wa kushoto ili kiwake. Chapuchapu akashangaa.

"Mzee, mbona unanionyesha leo?"

"Ili ujue."

"Lakini si wewe upo?"

Mzee akamtazama sana, akawaza, huyu mtoto ana uso mkavu wa ajabu. Akampa mgongo, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi mkewe alimpigia pasi suti ya harusi. Aliipiga pasi ile kama anayempiga mtu. Mzee akaivaa, ikambana tumbo, akavuta pumzi na kufunga kifungo. Kama ni kuondoka, aliona, aondoke amesimama wima.

"Mimi sina la kuwaambia watu wako," mkewe alisema akimnyoosha tai. "Nenda salama." Na hilo nalo lilikuwa la kutiliwa shaka, kwa kuwa mwanamke yule hakuwahi kukosa la kumwambia mtu tangu azaliwe.

Ukumbi mdogo wa idara ulikuwa umetenganishwa na chumba cha mitambo kwa kioo kipana, ili mafundi waweze kuona taa za mashine wakiwa wamekaa mkutanoni. Meza ilikuwa na keki nyeupe, soda, na cheti ndani ya fremu, kimefunikwa kitambaa. Mzee alipoingia na suti yake, watu walitazamana.

"Mzee leo umetoka kama bwana harusi!" Dada Pole akasema. "Hii yote kwa ajili ya leo?"

"Ndiyo, mwanangu. Mtu hapumzishwi kila siku."

"Ni kweli kabisa!" Dada Pole akacheka mpaka akashika meza. Mzee akaona, naam, dunia imeharibika.

Mkuu akasimama, miwani kichwani. Akawashukuru watu kwa kazi, akasema mwaka ulikuwa mgumu, akataja siku ile intaneti ilipogoma wageni wakiwa wamejaa, akataja panya aliyekula kebo. Watu walicheka. Kisha akasema, "Basi, saa imefika. Nadhani wa kusema neno kabla hatujampumzisha ni mmoja tu. Mzee, karibu mbele."

Mzee akainuka. Kiuno kilimkaza lakini alikwenda wima. Hotuba alikuwa nayo kichwani, ameirudia bafuni mpaka sabuni ikaisha.

"Ndugu zangu," akaanza, "nimeingia hapa nikiwa na nywele. Sikusoma kama nyinyi, lakini kila nilichokijua nimewapa. Sina kinyongo. Au niseme ninacho, lakini kidogo. Nimekubali kupumzishwa. Ninaloomba ni moja tu. Binti yangu yuko mwaka wa mwisho. Mkiweza kumwacha amalizie muhula uliobaki kwa ile nafuu ya..."

Hapo sauti ilimkatika. Chapuchapu alikuwa ameacha mdomo wazi na kipande cha keki ndani yake. Mkuu alishusha miwani kutoka kichwani, akaivaa, akamtazama Mzee kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

Na kabla mtu hajatamka neno, mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Kaa chini wewe, usiwabembeleze!" Alikuwa mkewe, mkanda wa kupimia nguo ungali shingoni, anahema kwa kupanda ngazi. Nyuma yake alikuwa binti, macho yamevimba, amebeba ndoo yenye vyombo. "Samahanini wakubwa, nimeingia bila hodi, lakini hodi zenyewe mmezibandika kwenye friji! Nataka mniambie nyinyi mliosoma. Huyu mtu, sikukuu gani amewahi kula nami mpaka mwisho bila simu yenu kulia? Ipi? Mtoto huyu alipozaliwa alikuwa wapi? Alikuwa humu ndani, anawatengenezea sijui nini kimeungua! Na sikulalamika! Haya, nililalamika, lakini nilimpa chakula chake akaja! Leo ameanguka juu ya ngazi yenu mbovu, ndipo mnaona hajakaa sawa? Eti ni mzito kuamka! Nani amewauliza? Kuamka kwake ni shida yangu mimi, si yenu! Kama mmemaliza naye, mrudisheni kwa heshima, si kwa keki!"

Dada Pole alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, na machozi yanamtoka, na kwa muda haikujulikana ni machozi ya nini.

"Mama," akasema kwa sauti nyembamba, "pole, mama. Pole sana. Siyo huyu."

"Siyo huyu nani?"

"Mzee anayepumzishwa. Siyo huyu Mzee. Ni... ni yule pale."

Akanyoosha kidole kwenye kioo. Wote wakageuka. Kwenye kona ya chumba cha mitambo ilisimama seva kuu ya zamani, lile kabati jeusi la chuma lililobeba alama, ada na majina ya wanafunzi wote. Mtu alikuwa ameizungushia utepe mwekundu na kuibandikia puto.

Mzee akaitazama seva. Akamtazama Dada Pole. "Mnaiita Mzee?"

"Tunamwita," Chapuchapu akajibu, hatimaye akiimeza keki. "Siku nyingi. Tulisema nyinyi wawili ndio wa kwanza kufika hapa, na mnafanana, mnakohoa pamoja asubuhi. Lakini tukaona siyo adabu kukwambia wewe, mtu mzima, kwamba tumeipa mashine jina lako. Kwa hiyo ukiingia, tunanyamaza."

"Na kuanguka?"

"Seva imeanguka! Ulipokuwa mgonjwa, tena Jumatatu ikaanguka, chuo kizima kikasimama. Si ndivyo tunavyosema, seva imeanguka?"

"Na vijana wapya?"

"Seva mpya! Ndiyo hizo, chini pale."

Mkuu wa idara alikuwa ameshika kichwa. "Jamani! Na mimi nikamwambia tukimaliza tunapumua sote! Mzee wangu, nilidhani umelisoma kwenye kundi la simu, Chapuchapu aliweka mpaka picha."

"Simu yangu ilivunjika," Mzee akasema.

"Nikufukuze wewe?" akasema mkuu. "Ukiondoka wewe, mimi nafuata nyuma yako siku hiyo hiyo, nani ataniambia kiyoyozi kinapigwa kiwiko upande gani?"

"Kushoto," akasema Chapuchapu. "Amenionyesha jana."

Ndipo kicheko kilipopasuka. Wakacheka mpaka wengine wakakaa sakafuni. Mzee alishusha pumzi aliyokuwa ameizuia tangu Jumatano, pumzi ndefu hasa, na kifungo cha suti kikaruka, kikapiga chupa ya soda. Hakujali. Alihisi mwili wote unalegea kwa raha, magoti, shingo, mpaka kile kiuno. Kazi ipo! Mtoto anasoma! Akamgeukia mkewe ili wacheke pamoja, na akaona mkewe hacheki.

Mkewe alikuwa amefunua kitambaa mezani, anasoma cheti. "Cheti cha Shukrani," akasoma kwa sauti, "kwa Mzee, kwa utumishi uliotukuka." Akainua macho. "Hiki pia ni cha mashine?"

"Ilikuwa utani tu, mama," Dada Pole akasema.

"Naona. Mzuri. Fremu nzuri." Akakirudisha mezani kwa uangalifu. "Mimi nyumbani nina ukuta mtupu. Huyu wa kwangu mliwahi kumwandikia kimoja?"

Alikuwa ameuliza bila ukali wowote, na pengine ndiyo sababu kicheko kilikufa. Watu walitazama viatu vyao. Kila mwaka kulikuwa na Siku ya Shukrani, na kila mwaka cheti kilikwenda kwa mtu: aliyetengeneza programu ya maktaba, aliyeleta wafadhili, hata Dada Pole alikuwa nacho. Mzee hakuwahi kukitarajia, na hivyo hakuwahi kukikosa. Sasa alipoulizwa mbele ya watu, aligundua kwamba alikuwa amekikosa, tena sana, na akaona aibu.

"Yaishe, mama watoto," akanong'ona.

"Hayaishi," akasema mkuu. Alikuja akasimama mbele ya Mzee, na yule mama mchangamfu alikuwa hana uchangamfu hata chembe. "Hatukuwahi. Na sitakupa hicho, maana hicho ni cha chuma. Nitakwambia kwa nini hatukuwahi. Kila mwaka nikikaa kuandika, naandika mambo yaliyotokea. Kazi yako wewe ni mambo ambayo hayakutokea. Moto ambao haukuwaka. Alama ambazo hazikupotea. Nimekukosea, Mzee wangu, nisamehe. Cha kwako kitaandikwa, na kitaandikwa jina lako kamili."

Mzee alitaka kusema haidhuru, kama desturi ya watu wa aina yake. Badala yake akajisikia anasema, "Asante. Ningekipenda."

Basi wakaenda kuzima mashine. Hilo lilikuwa la Mzee, hakuna aliyeligombea. Alifungua utepe kwanza, kwa sababu hakuona maana ya kuzima kitu kikiwa na puto, akahakikisha data zote zimeshahamia, akabonyeza. Feni za seva ya zamani zikapungua sauti, zikapungua, zikanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mpya masikioni mwa wote. Kisha Chapuchapu akawasha zile mpya, wakasubiri, taa nyekundu, taa nyekundu, na hakuna aliyefanya mzaha, kwa kuwa kama data hazikufika salama, wanafunzi wote wa chuo walikuwa wamepotea.

Taa zikageuka kijani.

"Tujaribu mmoja," akasema mkuu. "Tumtafute nani?"

Hakuna aliyejibu, ila wote wakamgeukia binti aliyekuwa bado amesimama mlangoni na ndoo yake. Akataja namba yake ya usajili. Chapuchapu akaiandika, taratibu kama kawaida yake, kidole kimoja kimoja, mpaka mkewe Mzee akatamani kumsukuma. Ukurasa ukafunguka. Picha yake ilikuwepo, alama zake zote zilikuwepo, na chini yake: mwaka wa mwisho, mtoto wa mfanyakazi.

"Yupo!" Dada Pole akapiga ukelele, na wakati huu hata yeye hakusema pole.

"Binti yangu," mkuu akauliza walipokuwa wakitoka, "na hiyo ndoo ni ya nini?"

Binti akainamisha kichwa. "Nilishahama, Mkuu. Mama aliponiambia, nikaona nisisubiri kufukuzwa hosteli. Vitu vingine viko hapo nje."

Vilikuwa nje kweli, ukutani: godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, begi kubwa, pasi, boksi la vitabu. Mzee alivitazama kimoja kimoja. Alikuwa amefikiria mambo mengi siku zile, lakini kumwona mtoto akifunga godoro peke yake hakuwa amelifikiria.

"Haya," akasema mkuu wa idara, akavua viatu vyake vya kisigino na kuvishika mkononi. "Huduma zimerudi, kazi hakuna mpaka Jumatatu. Nani anashika godoro?"

Wakavuka uwanja wa chuo katika msafara ambao wanafunzi walisimama kuutazama. Chapuchapu alishika godoro upande mmoja na mkuu upande wa pili, akimwambia aongeze mwendo. Dada Pole alibeba pasi na kilichosalia cha keki. Mkewe Mzee alikuwa na boksi la vitabu kichwani, akisimulia kisa kizima upya kwa yeyote aliyekuwa karibu, na tayari yeye mwenyewe ndani ya kisa alikuwa mpole zaidi kuliko alivyokuwa. Mzee walimkataza kubeba, kwa ajili ya kiuno, kwa hiyo alibeba ndoo kwa siri.

Chumba cha hosteli kilikuwa wazi bado, kitanda ni chuma kitupu. Wakalitandaza godoro, wakala keki wamesimama, wakaagana kwa kelele. Walipobaki watatu, mkewe akaanza kutandika shuka, maana hakuweza kuona shuka lililokunjwa akaliacha. Mzee akakaa kwenye boksi.

"Niliogopa, mwanangu," akasema. "Usidhani ni kazi niliyoililia. Niliogopa utakuja kusema baba ndiye aliyekukatizia njia."

Binti akaja akapiga magoti mbele yake, akamfungua tai iliyokuwa inamkaba tangu asubuhi.

"Baba, mimi nilipokuwa nafunga lile godoro wala sikulia kwa ajili ya chuo. Nilikuwa nakulilia wewe. Nilikuwa najiuliza, Jumatatu baba akiamka, ataenda wapi?"

Mzee akalia mbele yao wote wawili bila kuficha uso, suti wazi na kifungo hakipo.

"Jumatatu ataenda kazini," mkewe akajibu badala yake, akiuchomeka mwisho wa shuka chini ya godoro. "Tena nitamwamsha mapema."